Mwendo wa Asubuhi Moja

Mwezi uliopita nilikunja mikeka yangu mara ya mwisho nikaipeleka kanisani, na kina mama wa usafi wakaikata vipande vya kufutia miguu mlangoni. Hiyo ndiyo iliyokuwa sherehe yangu ya kustaafu. Ninyi vijana mnaofundisha mazoezi ya pilates siku hizi, mlio na vioo ukutani na muziki wa maji yanayotiririka kwenye simu, mmekuwa mkinipigia mkitaka niwape siri ya kazi. Siri sina. Nina miaka mingi ya kulaza watu sakafuni Homa Bay, Mbita na Migori, na nina habari ya mtu mmoja, Owino, ambayo hainipi usingizi. Nitaanza mwanzo, ili tukifika kwake mjue nilimpokea kwa mikono gani.

Nilikuwa mwalimu wa michezo katika shule ya msingi, Homa Bay. Siku ya wazazi tulishindana kuvuta kamba, walimu upande huu, wazazi upande ule. Wazazi wakatushinda, wakaenda kula pilau, mimi nikabaki chini nimeshika kiuno. Nilimeza vidonge, nikachuliwa kwa mafuta ya kila aina, nikaombewa na watu wenye sauti kubwa. Wapi! Kuvaa viatu tu ilikuwa vita. Mwishowe dada yangu akanipeleka Kisumu kwa Bi. Farida, mama aliyekuwa mcheza dansi ujanani kabla hajaumia, na ambaye alikuwa akifundisha katika chumba nyuma ya duka la vitambaa.

Bi. Farida alinilaza chali, akaniambia nikunje magoti na nipumue. Nikapumua, nikangoja dawa. Nilipochoka kungoja nikamuuliza dawa inakuja lini. "Ndiyo hiyo unaitumia," akasema. "Umeniletea mgongo kama mtu anayepeleka nguo kwa dobi. Mimi si dobi. Rudi ndani ya mwili wako, ukae humo, utajua panapouma na kwa nini." Nilimwona mwendawazimu. Lakini nilirudi wiki iliyofuata, na iliyofuata, mpaka asubuhi moja nikainama kufunga kamba za viatu huku nawaza mambo mengine kabisa, na nilipogundua kwamba nimeinama nikalia pale pale mlangoni.

Nilikuwa naye kila likizo nikijifunza. Alikuwa mkali, mchoyo wa sifa, na alikula njugu wakati wa somo. Alinifunza kumgusa mwanafunzi kwa vidole viwili tu, kwa sababu kiganja kizima ni amri na vidole viwili ni swali. Alinifunza pia kwamba kabla hujamwambia mtu chochote, mtazame anavyovua viatu. Anayeegemea ukuta, anayeshikilia pumzi, anayekanyaga kisigino cha kiatu kwa mguu wa pili ili kitoke, kila mmoja ameshakueleza shida yake na hujaulizia hata jina. Hilo lishikeni, hata mkisahau mengine yote.

Darasa langu la kwanza lilikuwa katika ukumbi wa kanisa, Homa Bay. Walikuja kina mama wengi, wamevaa suruali za mazoezi na vitambaa vya kufutia jasho. Nilipowaambia walale chini walitazamana. "Mwalimu, mziki iko wapi?" mmoja akauliza. Nikamwambia hakuna muziki, tunasikiliza pumzi. "Ai yawa! Pumzi yangu naijua, nimekuja kupunguza tumbo." Walilala kwa heshima tu, kwa kuwa mimi ni mke wa mtu wanayemjua. Nikasema wafunge macho. Hakuna aliyefunga. "Nikifunga macho, mkoba wangu utachungwa na nani?" akauliza yule yule, na wote wakavuta mikoba yao karibu. Basi nikaiweka mikoba yote katikati, nikakaa karibu nayo kama askari wa lango, na hapo ndipo walipofunga macho. Mjini walituita shule ya kulala. Mtu akikutana na jirani yake amebeba mkeka alimuuliza, "Leo mnalala masomo gani?"

Vifaa vyangu vilikuwa mikeka ya mafunjo kutoka ziwani, vipande vya tyubu za pikipiki badala ya ile mipira laini ya kuvutia miguu, na viti vya kanisa. Niliwahi kutamani ile mashine yenye springi ambayo ninyi mnajipiga picha nayo. Nikampelekea fundi mmoja wa Migori picha yake, akaitazama kwa makini, akasema hiyo ni kazi ndogo. Alichoniletea kilikuwa kitanda. Kitanda kizuri, cha mbao nzito, kilichopiga kelele ukikigusa. Mume wangu alikipenda sana, na hadi leo ndicho tunacholalia.

Mbita ndiko nilikoipenda kazi hii kwa moyo wote. Wanawake wanaoanika omena, wale dagaa wa ziwani, huinama tangu jua linapotoka, miguu imenyooka, wakitandaza samaki kwenye nyavu na kuwageuza. Migongo yao ilikuwa imekaza kama mbao. Nilifundisha pale pale ufukoni, kunanuka, mbwa wakituzunguka. Niliwaonyesha kukunja nyonga na magoti, kutoa pumzi wakati wa kuinuka, kusimama kidogo kabla ya beseni lingine na kusikiliza mwili unasema nini. Mama mmoja alinijia siku moja akanishika mikono. "Japuonj," akasema, maana yake mwalimu, "jana nimelala ubavu ule mwingine. Sikuwa najua kama iko." Niliendesha baiskeli kwenda nyumbani huku naimba. Mume wangu akaniuliza kama nimeokoka mara ya pili.

Wiki chache baadaye yule mama hakuja tena. Nilipomuuliza akacheka: mgongo umepona, arudi kufanya nini? Ndivyo walivyokuwa karibu wote. Maumivu yakiisha, mwanafunzi naye anaisha. Nilijaribu hata soko la ng'ombe la Ogwedhi, nikitaka kuwafundisha wachuuzi wanaosimama kutwa nzima. Ndama akanyea mkeka wangu, wachuuzi wakacheka mpaka wakakaa chini, na hilo ndilo zoezi pekee walilofanya siku ile. Nilicheka nao. Sikujua bado kwamba kuna kicheko kitakachonigeuka.

Nilihamia Migori mume wangu alipopata kazi huko. Nikakodi chumba kando ya kinu cha kusaga unga. Ukuta ulikuwa mmoja, kinu upande ule, sisi upande huu. Kikianza kunguruma hata meno yalitetemeka, na unga ulipenya juu ya ukuta ukatuangukia vichwani. Nilijifunza kusema maneno yangu katika vituo vyake. Huko ndiko Owino alikoletwa.

Aliletwa na wadogo zake kwa pikipiki, Okeyo mbele akiendesha, mwingine nyuma, Owino katikati wamembana asianguke. Alikuwa mchimbaji wa dhahabu. Ukuta wa shimo ulimwangukia mgongoni, akakaa hospitalini muda mrefu, kisha akarudishwa nyumbani na miguu isiyomtii. Mguu wa kulia ulikuwa na nguvu kidogo. Wa kushoto alikuwa nao tu. Nilikataa kumgusa mpaka nizungumze na fizio, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, wa hospitali alikotibiwa, na nyie fanyeni hivyo hivyo, sisi si madaktari hata tukivaa nyeupe. Fizio alikuwa na foleni mpaka nje. "Mifupa imeshika, madam," akaniambia. "Anahitaji mtu wa kumfanyisha mazoezi kila wiki, na mimi sina nafasi hiyo. Usimwache alale tu. Huyu akilala, tutampoteza."

Nilimuuliza Okeyo wanataka nini hasa. Okeyo alikuwa kijana mwenye maneno matamu, fundi wa kuezeka mabati. "Madam, sisi hatutaki mambo mingi," akasema. "Atembee siku moja tu. Kutoka kwa mzee mpaka ile shamba yake. Hata akifika aanguke, sawa."

Wasiotoka kwetu hawataelewa, basi nieleze. Kijana wa Kiluo hujenga nyumba yake ya ujana ndani ya boma la babake. Akishaoa na kupata watoto, inafika siku ya kutoka akaanzishe boma lake mwenyewe, dala yake. Hatoki kiholela. Alfajiri anakwenda kwa miguu yake mpaka kiwanja kipya, mzee wa ukoo ametangulia, mtoto wake wa kwanza ana shoka na jogoo, mke wake amebeba moto. Nyumba inajengwa siku hiyo hiyo na usiku huo wanalala humo. Na mdogo hamtangulii mkubwa. Owino alikuwa kifungua mimba. Asipotoka yeye, wadogo zake wote watatu wamekwama kwa baba yao, wake zao wakigombania jiko, mbao walizonunua zikiliwa na mchwa. Baba yao alishafariki, na baba yao mdogo ndiye aliyekuwa mwamuzi. Walikuwa wamemwomba Owino apelekwe kwa pikipiki. Mzee akawajibu kwamba tangu azaliwe hajawahi kuona dala ikianzishwa na pikipiki.

Owino mwenyewe alikuwa mtu mkavu, mwembamba, wa maneno machache ya kuchoma. Nilipomlaza kwenye mkeka sikuhitaji kumwambia afunge macho. "Hii nimezoea," akasema. "Shimoni nilikuwa nachimba nikiwa nimelala hivi." Nikafurahi, nikadhani nimepata mwanafunzi mwepesi. Kisha kinu kikaanza kunguruma upande wa pili. Mwili wote ukakauka. Akashikilia pumzi, mishipa ya shingo ikasimama, macho akayatumbua kwenye dari. Nilimwita, hakunisikia. Kinu kilipozima alikuwa amelowa jasho. "Ardhi ikilia hivyo kule chini," akaniambia baadaye, "unanyamaza. Hupumui. Unangoja kuona kama ni zamu yako."

Ungekuwa wewe ungehamisha darasa, na pengine ungekuwa na haki. Mimi sikuwa na chumba kingine. Nikaongea na mwenye kinu, nikamwingiza Owino mle ndani, nikamkalisha juu ya gunia akitazama mahindi yanavyoingia juu na unga unavyotoka chini. Wiki nzima ya kwanza kazi yetu ilikuwa hiyo tu. Kisha nikamkalisha upande wetu, kiganja chake kwenye ukuta. Kinu kikinguruma, atoe pumzi. Kikiendelea kunguruma, aendelee kutoa, kama mtu anayepuliza chai. Mkewe, Akoth, alikaa nyuma yake akimwegemeza mgongo. Siku aliyolala chali, kinu kikaanza, na tumbo lake likaendelea kupanda na kushuka taratibu, Akoth alifunika uso kwa leso. Nami nilijifanya natafuta kitu dirishani.

Tulifanya kazi kwa misimu kadhaa ya mvua. Kugeuka ubavuni bila kuvutwa. Kuinua nyonga kidogo tu, unene wa kitabu. Kukaa. Kukaa bila kushika. Kusimama kati ya viti viwili. Kila mara nikimuuliza, unasikia nini, wapi, upande upi, naye kila mara akinijibu, "Nasikia mwalimu akiongea sana." Kisha siku moja, akiwa amesimama peku kwenye saruji, akainamisha kichwa. "Mwalimu. Hii ya kushoto imesikia baridi." Nikampigia magoti nikaweka vidole viwili juu ya unyayo. "Na sasa?" "Sasa ni mikono ya mtu." Jamani, watu husema wametosheka na kazi zao siku wanapopewa zawadi na hotuba. Mimi nilitosheka siku ile, sakafuni, unga ukiniangukia kichwani. Kama ningekufa jioni ile, ningekufa nimeshiba.

Nilikwenda kukikagua kiwanja chake, kule njia ya kwenda Ogwedhi. Palikuwa na mteremko, shamba lililolimwa, mabua ya mahindi. Saruji yangu ilikuwa imemdanganya. Basi nikajaza magunia mchanga, nikayatandika chini ya mkeka, akajifunza kutembea juu ya kisichotulia. Alianguka sana. Alinitukana kwa Kiluo mara nyingi kuliko nilivyotukanwa na mtu yeyote, kisha akaomba radhi kwa Kiswahili. Baba yao mdogo alikuja kumwona, akazunguka mara mbili mikono nyuma. Okeyo akauliza kama fimbo inaruhusiwa. Mzee akafikiri. "Fimbo hata wazima hubeba," akasema.

Siku yenyewe nilisimama kando ya ua pamoja na majirani. Umande ulikuwa bado majanini. Mzee akatangulia, hakugeuka. Owino akafuata na fimbo yake, mtoto wake na jogoo, Akoth na moto ndani ya chungu. Palipoanza mteremko akasimama. Nyuma wadogo zake wakaanza, "Jikaze! Imebaki kidogo!" na mimi nikaona mabega yanapanda, shingo inakauka, nikajua ameshikilia pumzi. Sikuwa na ruhusa ya kuingia. Nilichoweza ni kupumua mimi, kwa nguvu, mpaka jirani akaniuliza kama nina pumu. Sijui kama Owino alinisikia. Ila nililiona shati lake likishuka taratibu mgongoni, kisha mguu wa kushoto ukatafuta udongo, ukaupata, akaenda.

Vigelegele vilipasua asubuhi. Nguzo ikasimama, na kufika jioni nyumba ya mabati ilikuwa imekwisha, ndogo, inang'aa. Okeyo aliniinua juu mbele ya watu, mama mzima kama mimi. "Madam, umetuokoa!" Owino alikuwa ameketi mlangoni pa nyumba yake. Alinishika mkono kwa mikono yote miwili, hakunichoma kwa neno hata moja. "Erokamano," akasema. Asante. Nikamwambia tuonane Jumanne.

Jumanne hakuja. Nikampigia Okeyo, akasema pikipiki inabeba mbao, wiki ijayo. Wiki iliyofuata ilikuwa inabeba mabati, kwa sababu sasa ilikuwa zamu yake Okeyo kutoka, halafu anayemfuata, halafu wa mwisho. Sikuwahi kuona familia ikijenga kwa kasi kama ile. "Lakini madam," akaniambia nilipomkasirikia kwenye simu, "si ameshatembea?" Asante ya punda ni mateke, nilimwambia hivyo hivyo, na yeye akacheka, akadhani natania.

Nikaenda mwenyewe. Nilimkuta Owino amelala kitandani, amegeukia ukuta, nyumba ina joto kama tanuri. Miguu ilikuwa imeanza kukaza tena. Nikamwambia ainuke tufanye kidogo. "Mwalimu, wacha nipumzike," akasema. Nikamkumbusha maneno ya fizio. Akanitazama kwa upole, na upole ule uliniudhi kuliko matusi yake. "Ile kitu nilikuwa nataka, nimepata. Watoto wangu wako kwao. Ndugu zangu wako huru. Wewe unataka nitembee kwenda wapi tena?"

"Utembee uishi," nikasema.

"Naishi. Si unaniona?"

Nilikuwa na hasira, na sioni haya kuisema. Miaka yote ile ya kuwaambia watu kwamba mwili si kigari cha kukufikisha sokoni, ni wewe mwenyewe, na mwanafunzi wangu bora, aliyeisikia baridi kwa unyayo uliokufa, alikuwa ameutumia mwili wake kufika mahali, akafika, akauegesha. Nilimwonyesha Akoth jinsi ya kumgeuza na kumkunjua. Alijaribu. Owino akamwambia hatafundishwa kutembea na mke wake. Nilirudi tena na tena mpaka mvua ikakata barabara. Nilimpigia Okeyo, nikampigia yule mwingine, nikampigia hata mzee. Kila mmoja aliahidi vizuri sana. Akoth peke yake hakuahidi, alikuwa akinipigia yeye kunieleza vidonda vimefika wapi.

Vidonda vya mgongoni, vya kulala. Mnavijua. Kisha homa, kisha hospitali, kisha simu ya Akoth ambayo haikuwa na maneno.

Kwenye mazishi kulikuwa na hema, vipaza sauti na watu wengi. Walimzika kwenye dala yake, mkono wa kulia wa nyumba ile ya mabati, mahali pa heshima, mahali pa mtu aliyekuwa na boma lake. Msemaji baada ya msemaji alilirudia hilo. Kisha Okeyo akashika kipaza sauti, analia kweli kweli, sitamsingizia. Akasema kuna mtu mmoja wa kushukuriwa. "Huyu madam ndiye alimwezesha ndugu yetu kutoka kwa mzee. Kama si yeye, leo tungemzika wapi? Madam, simama watu wakuone."

Nikasimama. Watu wakapiga makofi. Mimi niliyejifunza kazi hii ili watu wakae ndani ya miili yao nilikuwa napigiwa makofi kwa sababu nilimsaidia mtu kupata pa kuzikwa, na ubaya ni kwamba hawakukosea. Nadhani hata Owino angepiga makofi. Nikapunga mkono, nikakaa.

Tangu siku hiyo sikuweza tena. Nilijaribu. Mtu alikuwa akija, anavua viatu mlangoni, namtazama, na badala ya kuona panapomuuma naona anakokwenda, nikahesabu moyoni ni lini atafika na kuacha kuja. Mwalimu hawezi kufundisha na macho ya namna hiyo. Ninyi bado mna macho mazuri. Fundisheni.

Msiniulize tu kama nilitosheka. Watu walipokuwa wakienda kula, Akoth alinijia. Alikuwa amekauka, hana machozi tena. Alinishika kiwiko akanivuta pembeni, na kwa sauti ya chini, bila kunilaumu, kama mtu anayeuliza bei ya kitu ambacho hatakinunua, akasema, "Mwalimu, si ungemchelewesha tu. Ungesema bado, hajaiva. Wangekuwa bado wanamleta."